Picha ya Kifua: Kutoka Ujerumani Hadi Kilifi

Leo tunazungumza juu ya picha ya kifua, yaani eksirei: ilikotoka, na ilivyowafaa watoto wetu wa Kilifi.

Akina mama wengi huingiwa na hofu mtoto akiandikiwa eksirei. Mmoja husema, "Basi mwanangu amezidiwa." Mwingine huogopa kwamba mashine itamchoma. Kwa hivyo tuanzie mwanzo.

Mwezi wa Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwanasayansi Wilhelm Röntgen aligundua miale isiyoonekana kwa macho lakini inayopenya mwilini. Kwa kuwa hakujua ni miale gani, aliiita X. Mwezi uliofuata aliupiga picha mkono wa mkewe. Mifupa ilionekana, na pete yake ilionekana kidoleni.

Kifuani ni vivyo hivyo. Pafu lenye afya limejaa hewa, miale hupita na picha hutoka nyeusi. Mfupa huizuia miale, nao huonekana mweupe. Pafu lenye nimonia lina majimaji na usaha, na mahali hapo huonekana weupe kama wingu. Maji au usaha ukikusanyika nje ya pafu, kati yake na mbavu, daktari anaweza pia kutumia altrasaundi, ile mashine ya mawimbi ya sauti inayotazama mtoto tumboni.

Sasa turudi nyumbani. Ukitoka Mtwapa ukashika barabara ya Malindi, utafika mji wa Kilifi. Huko, mwaka 1989, KEMRI na Wellcome Trust walianza utafiti katika hospitali ya wilaya, ambayo leo ni Hospitali ya Kaunti ya Kilifi. Watoto waliolazwa kwa nimonia walipigwa picha za kifua, zikasomwa kwa kanuni moja ya Shirika la Afya Duniani. Kanuni ni muhimu, kwa sababu kivuli kimoja madaktari wawili huweza kukisoma tofauti.

Mwaka 2011 Kenya ilianza kutoa chanjo ya kukinga vidudu vya nimokoka, ambavyo huleta nimonia kali. Watafiti wakalinganisha miaka ya kabla na ya baada. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba nimonia iliyothibitishwa kwa eksirei kwa watoto wa eneo hilo ilipungua kwa asilimia 48, karibu nusu. Picha za watoto wetu ndizo zilizotoa ushahidi huo.

Lakini mama, usikae ukingoja picha. Nimonia changa huenda isionekane, na picha peke yake haisemi ni kidudu gani. Hata zahanati isiyo na mashine inaweza kuanza matibabu kwa dalili. Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake dakika moja nzima akiwa ametulia. Pumzi ni za haraka zikifika:

60 au zaidi, chini ya miezi 2;
50 au zaidi, miezi 2 hadi 11;
40 au zaidi, mwaka 1 hadi 5.

Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, mpeleke mara moja, hata kama ni usiku.

Akiandikiwa picha, usihofu. Haiumi wala haichomi, na miale yake ni kidogo. Mvue hirizi, mkufu na nguo yenye vifungo vya chuma, maana vitatokea kwenye picha kama ile pete. Ukiwa mja mzito, mwambie mpiga picha mapema ili mtu mwingine amshike mtoto.

Kumbuka: mkamilishie mtoto chanjo zake za wiki ya 6, 10 na 14. Hesabu pumzi. Wahi zahanati.