Kanda, Nakala na Jina la Mtunzi

Katika miaka ya 1980, mpenzi wa muziki wa dansi aliyetaka kuwa na wimbo wa Mlimani Park au wa Juwata hakuwa na njia nyingi. Bendi zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zao zikabaki huko, zikisikika pale tu mtangazaji alipopenda kuzipiga. Basi mtu alikaa mbele ya redio kaseti yake, kidole juu ya kitufe, akiomba mtangazaji asizungumze kabla wimbo haujaisha. Au alikwenda Kariakoo. Katika mitaa ile inayoshuka kutoka Msimbazi kuelekea Gerezani, kwenye mafundi wa vyuma na wauza vipuri, palikuwa pia na wenye vibanda vya kanda. Mteja alileta orodha ya nyimbo anazozitaka, akaacha kanda tupu na fedha, akarudi baadaye kuchukua nakala. Jalada liliandikwa kwa kalamu ya wino, aghalabu jina la bendi na mwaka wa kukisia.

Juu ya biashara hiyo pakazuka ugomvi ambao haujesha hata leo. Mwanamuziki alisema: jasho ni langu, na anayekula ni mwingine. Mwenye kibanda naye alikuwa na jawabu lake: pasingekuwa na nakala zake, wimbo usingetoka nje ya studio. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu 1966, lakini ilikaa vitabuni. Kwa hakika, wote wawili walisema kweli.

Sasa msomaji na aigeuze kanda hiyo upande wa pili. Mwaka 1982 huko Uingereza ilitoka kompyuta ndogo ya nyumbani iliyoitwa ZX Spectrum, kazi ya kampuni ya Clive Sinclair. Programu zake na michezo yake viliuzwa katika kaseti zilezile zilizobeba taarabu na dansi. Ukiipiga kanda kama hiyo kwenye redio ya kawaida husikii mwimbaji, bali mlio mkali kama wa nzige waliokasirika. Kompyuta ikiusikiliza kwa dakika chache huupokea kama maagizo. Na kwa kuwa ni sauti tu, mtoto yeyote mwenye redio ya deki mbili aliweza kuinakili. Kampuni ya Amstrad iliuza redio za namna hiyo, ikashtakiwa na wenye santuri, na mwaka 1988 majaji wa Baraza la Malodi wakaamua kwamba muuza mashine hakuwa na hatia kwa yale anayoyafanya mnunuzi nyumbani kwake. Lenye kuchekesha ni kwamba mwaka 1986 Amstrad hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair. Muuzaji wa chombo cha kunakilia akawa mwenye mali inayonakiliwa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa umeanza kabla ya hapo, ng'ambo ya Atlantiki. Mwaka 1975 watu wa klabu moja ya wapenda kompyuta huko California, Homebrew Computer Club, waliupata utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, wenye programu ya BASIC ya kompyuta iitwayo Altair. Mmoja wao aliurudufu, akazigawa nakala kwa sharti moja: achukuaye nakala moja arudishe mbili. Tarehe 3 Februari 1976, Bill Gates, kijana wa miaka 20 aliyekuwa mmoja wa watungaji wa programu ile, aliandika barua ya wazi kwa wapenda kompyuta hao. Alidai kwamba chini ya asilimia 10 ya wenye Altair ndio waliokuwa wamelipa. Kwamba muda wa mashine uliotumika kuitunga ulizidi thamani ya dola 40,000. Na kwamba malipo waliyoyapata hayakufikia dola 2 kwa saa. Mpiga gitaa wa Ilala angeisoma barua ile angeielewa neno kwa neno, isipokuwa hizo dola.

Wapo waliomjibu kwa matusi, na wapo waliomjibu kwa kazi. Katika mwaka huohuo Li-Chen Wang alitoa BASIC yake ndogo, akaigeuza kichwa chini ile kauli ya desturi ya kuhifadhi haki zote, ili kila apendaye anakili. Lakini jina lake aliliacha juu ya ukurasa.

Ilhali hayo yakitokea, Tanzania ilikuwa imefunga mlango. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa miaka mingi baadaye, na mashine zilipoingia kwa wingi katika miaka ya 1990, Kariakoo ilizipokea kwa desturi iliyokwisha kuizoea: programu ikanakiliwa kama wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 ndiyo iliyoitaja programu ya kompyuta, na wapenda ushairi wataona fahari au ajabu kujua imewekwa wapi: katika fungu la kazi za maandishi, pamoja na vitabu. Zanzibar ikatunga sheria yake mwaka 2003. Kwa hiyo mbele ya hakimu, utenzi na programu ni ndugu.

Undugu huo unaonekana zaidi kwa wale wanaokusanya kompyuta kongwe. Kanda na flopi hupoteza sumaku. Kampuni nyingi zilizotoa programu za zama zile zilikwisha kufa, na aliyerithi haki hajulikani. Mara nyingi nakala pekee iliyosalia ni ile ya mharamia aliyevunja kufuli la programu. Hapo wakusanyaji hugawanyika. Baadhi husema nakala yoyote ni bora kuliko kukosa. Wengine huzikataa nakala hizo, kwa sababu wavunja kufuli wa miaka ya 1980 walikuwa na tabia ya kulifuta jina la mtunzi kwenye ukurasa wa kwanza na kuweka lakabu zao, kwa rangi na muziki wa majigambo.

Wizi huo wa pili ndio mbaya zaidi, na watu wa pwani waliujua kabla ya umeme. Mashairi yetu ya kale yamefika kwetu kwa mikono ya wanakili. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi kwa hati za Kiarabu, na bila mikono kama yake mengi yangaliliwa na mchwa. Hakuna amwitaye haramia. Nao watunzi, wakijua kwamba karatasi itapita mikono wasiyoijua, walizoea kulifuma jina lao, au la baba na mji, ndani ya beti za mwisho, lishikwe na vina na mizani, ili anayelitoa aliharibu shairi. Kanda ya taarabu haikuwa na kinga hiyo. Jalada lilimtaja mwimbaji. Aliyetunga maneno alipotea katika nakala ya kwanza, kabla hata ya senti kupotea.

Mwaka 1999 Amstrad iliruhusu programu ya msingi ya Spectrum igawiwe ili mashine hiyo iigizwe kwenye kompyuta mpya. Masharti hayakuwa mengi: isiuzwe, na maandishi ya hakimiliki yaliyomo yasiguswe. Wakusanyaji waliyatii bila shida.

Kariakoo, kanda zilipokwisha, wenye vibanda walianza kujaza nyimbo katika kadi za simu. Dansi la miaka ya 1970 na 1980 limo humo kwa wingi, likisikika safi. Folda imeandikwa Zilipendwa, na nyimbo ndani yake zina namba.