Mialoni 2,535 ya Alrewas

Ni vigumu kupata mahali Uingereza palipo mbali na bahari kuliko viunga vya Alrewas, mkoani Staffordshire. Coton in the Elms, ambako wapima ramani wanasema ndiko mbali zaidi na pwani katika nchi nzima, kuko jirani tu. Hata hivyo ni Alrewas ilikopandwa miti ya kuwakumbuka mabaharia: mialoni 2,535, mmoja kwa kila meli ya biashara ya Uingereza iliyopotea katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Pamoja inahesabiwa kuwa msafara mmoja wa meli.

Aliyeanzisha bustani ya kumbukumbu yenye mialoni hiyo alikuwa mtu wa bahari. David Childs, afisa wa jeshi la majini, alizuru Marekani mwaka 1988. Huko aliona makaburi ya Arlington na bustani ya taifa ya miti mjini Washington, akarudi na nia ya kuipatia nchi yake mahali pa kuwakumbuka wapiganaji kwa kitu kinachoota. Ardhi ilipatikana kwenye machimbo ya kokoto. Upandaji ukaanza mwaka 1997, na mwaka 2001 bustani ikafunguliwa rasmi.

Desturi ya kuwakumbuka wapiganaji kwa miti ni ya zamani zaidi. Mjini Ballarat, Australia, wanawake wa kiwanda cha nguo cha Lucas walianza mwaka 1917 kupanda miti kando ya barabara, mmoja kwa kila mwenyeji aliyejiandikisha vitani. Waliendelea hadi ikazidi 3,700, ikinyooka kwa kilomita 22. Utaratibu wao unastahili sifa: miti ilifuata tarehe ya kujiandikisha, si cheo, na aliyerudi hai alipata mti sawa na aliyekufa. Mkongwe wa vita aliweza kusimama chini ya kivuli cha jina lake mwenyewe.

Alrewas imechagua hesabu nyingine, ya meli badala ya watu, na kwa mabaharia wa biashara uchaguzi huo una mantiki. Meli ndiyo iliyokuwa makazi yao, kazi yao na mara nyingi kaburi lao. Mwaloni nao ndio uliojenga manowari za Waingereza kwa karne nyingi, kama msaji ulivyothaminiwa na waundaji wa majahazi katika Bahari ya Hindi. Mabaharia hawa wa biashara hawakuvaa sare za jeshi, lakini walibeba chakula, mafuta na askari huku nyambizi zikiwawinda. Zaidi ya 30,000 walikufa, wakiwemo maelfu waliotoka Bara Hindi, pamoja na Wachina, Wayemeni na Wasomali. Hadi Mei 1941, meli ikizama mshahara wa baharia ulikatwa siku hiyohiyo, hata akiwa bado anaelea kwenye mashua akisubiri kuokolewa. Aibu hiyo haina budi kutajwa kila inaposimuliwa habari ya ushujaa wao.

Miongoni mwa meli zilizopotea chini ya bendera ya Uingereza kuna moja inayoigusa moja kwa moja Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa Februari 1944, Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini, Mombasa, ikiwa na watu zaidi ya 1,500 wanaoelekea Colombo. Kilindini ilikuwa bandari kubwa ya kivita: baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon mwaka 1942, kikosi cha manowari cha Uingereza katika Bahari ya Hindi kilihamishia makao yake huko. Kundi kubwa zaidi melini lilikuwa la wapiga mizinga wa Rejimenti ya 301 ya Afrika Mashariki, karibu 1,000. Walikuwemo pia wanamaji, wauguzi na wanawake wa jeshi la majini.

Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Ilizama kwa takriban dakika mbili. Manowari za Uingereza Petard na Paladin zilikuja kuisaka, na hapo ukafanyika uamuzi ambao hakuna nahodha angependa kuufanya: nyambizi ilikuwa imejificha chini ya walionusurika, na mabomu ya kina yakarushwa majini wakiwa bado wanaogelea. I-27 ilizamishwa. Watu 1,297 wakapotea, 77 kati yao wanawake.

Wapiga mizinga wa Rejimenti ya 301 waliopotea hawana makaburi. Majina yao yamechongwa kwenye mnara wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, karibu kilomita 500 kutoka gati waliloliona mwisho. Pembeni mwa bandari ya Kilindini ndipo mwaloni wao, au tuseme mwembe wao, ungestahili kupandwa, mahali ambapo wajukuu wa makuli na mabaharia wa Mombasa wangeweza kusoma majina hayo wakipita kwenda kazini.