UZI: "Mkulima" anayetajwa jukwaani ni mkulima yupi?

1/ Kila msimu wa mavuno kelele ni zile zile. Huyu anasema, "Mkulima apewe bei nzuri ya gunia!" Yule anasema, "Unga ushuke!" Saa zingine ni mtu yule yule, asubuhi yuko Kitale, jioni yuko Nairobi. Kuna somo la chuo kikuu linalochambua haya mambo: uchumi wa kilimo na maliasili. Ebu tupitie historia yake hapa kwetu, pole pole.

2/ Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton alitoa ekari 740 pale Njoro ijengwe shule ya kilimo. Ya nani? Vijana wa Kizungu. Wakati huo ukisema "mkulima" kwenye karatasi za serikali, ulimaanisha mlowezi.

3/ 1942, vita vikiendelea, serikali ya kikoloni ikaweka mahindi chini ya udhibiti. Gunia la mlowezi likapewa bei ya juu kuliko gunia la Mwafrika. Mahindi ni yale yale! Shika hapo: tangu mwanzo, bei ya serikali imekuwa ikichagua nani wa kulindwa.

4/ 1954, katikati ya Hali ya Hatari, ukaja Mpango wa Swynnerton. Vipande vya ardhi viunganishwe, watu wapewe hatimiliki, Waafrika wengi zaidi waruhusiwe kupanda kahawa. Mkulima mdogo akaanza kuhesabiwa. Lakini mpango wenyewe ulikubali wazi kwamba wengine wangepata ardhi zaidi na wengine wangebaki bila.

5/ Tukapata uhuru. Sessional Paper Na. 10 ya 1965 ikasema pesa za maendeleo ziende pale zitakapozalisha zaidi, yaani penye mvua na udongo mzuri. Kwa hesabu ya haraka, inaingia akilini. Sasa mwambie hivyo mfugaji wa Marsabit. Maeneo kame ni karibu asilimia 80 ya nchi. Malisho, maji na njia za mifugo ni mali, hata kama hakuna mtu anayeziuza sokoni. Ndio maana neno "maliasili" limo kwenye jina la hili somo. Sera rasmi ya kuwekeza Kaskazini na maeneo kame ilipatikana 2012.

6/ Turudi Njoro. Ile shule ikawa chuo cha diploma, ikafungulia Waafrika mlango, na 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Taasisi yake ya Tegemeo ilianza 1997 kufanya jambo la maana sana: kurudi kwa familia zile zile za wakulima, mwaka huu na miaka iliyofuata, na kuwauliza wamevuna ngapi, wameuza ngapi, na WAMENUNUA ngapi.

7/ Hilo swali la mwisho ndilo lililoharibu hotuba nyingi. Sehemu kubwa ya wakulima wadogo wa mahindi hununua mahindi kuliko wanavyouza. Mama wa nusu ekari Vihiga huvuna, akala miezi michache, kisha anaenda sokoni na gorogoro kama wewe tu. Mahindi mengi yanayouzwa hutoka kwa wachache wenye mashamba makubwa.

8/ Utafiti uliochapishwa 2008 ulionyesha kuwa ununuzi wa Bodi ya Nafaka (NCPB) ulipandisha bei ya mahindi sokoni kwa takriban asilimia 20 kati ya 1995 na 2004. Nani alifurahia? Mwenye magunia mengi ya kuuza. Nani alilipa? Mnunuzi wa unga, pamoja na yule mama wa Vihiga.

9/ Kabla mtu wa Trans Nzoia anirukie: utafiti huo huo ulionyesha bodi ilipunguza bei kuyumbayumba. Hiyo ni faida ya kweli. Mtu aliyekopa pesa za mbolea na dizeli, bei ikianguka, msimu ujao anaweza kuacha mahindi kabisa. Basi bei ya juu ni sera halali kuitetea. Bora useme ukweli nani anailipia.

10/ Na msiambiwe ati hatuna wataalamu. Tangu 2005 kuna shahada ya uzamili ya pamoja ya uchumi wa kilimo, inayoendeshwa na vyuo kadhaa vya Afrika kwa uratibu wa AERC, ambayo makao yake ni hapa Nairobi. Watu wa kupiga hesabu wapo. Shida ni kuwaita kabla ya bei kutangazwa.

11/ Kwa hivyo mtu akipanda jukwaani na kusema "mkulima", muulize matatu:
– Huyo mkulima anauza mahindi au ananunua?
– Yuko kwenye mvua au kwenye ukame?
– Hiyo bei au ruzuku inatoka mfukoni mwa nani?

Akijibu yote matatu, msikilize, hata kama si wa upande wako.