Safari ya Neno "Siri": Kutoka Bahasha hadi Simu ya Kiganjani

Mwaka 1971 nilikuwa na umri wa miaka 12, mwanafunzi wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Unyaturu, na tayari nilikuwa nimekabidhiwa kazi ya heshima: kuwasomea watu wazima barua zao. Barua nyingi zilitoka Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, walikokwenda vijana wetu kutafuta fedha. Mama wa kijana aliniketisha kwenye kigoda, akawafukuza watoto wengine, akasindika mlango, ndipo akafungua pindo la kanga na kutoa bahasha. Kabla sijaichana alinipa sharti lilelile: utakayoyaona humo yaishie humu ndani. Nilisoma kwa Kiswahili, nikafasiri kwa Kinyaturu, kisha nikatoka nje nikiwa nimebeba kichwani madeni, magonjwa na magomvi ya ndoa ya kaya nzima. Sikuwahi kutoboa siri hata moja, ingawa mojawapo ilikuwa tamu mno, ikaninyima usingizi kwa wiki nzima.

Naanza na kumbukumbu hiyo, ndugu msomaji, kwa sababu nataka kueleza historia ya neno hilo moja, siri: jinsi lilivyotoka ndani ya bahasha likaingia ndani ya simu, na gharama tuliyoilipa kwa kudhani kwamba lilifika huko likiwa na maana ileile.

Katika enzi ya barua, siri haikuwa jambo la mtu mmoja. Kwa mujibu wa takwimu za wakati huo, mwaka 1967 asilimia 67 ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Kwa hiyo barua ya mtu asiyejua kusoma ilikuwa na wenyewe watatu: aliyeiandika, aliyeandikiwa na aliyeisoma. Methali yetu inakiri hivyo hivyo: siri ya mtungi aijuaye kata. Mtungi hauwezi kuificha siri yake kwa kata, kwani bila kata maji hayatoki. Tulichokidai kwa kata ni uaminifu tu, si kwamba isiingie mtungini. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya kisomo yakaenea vijijini, majirani zangu hawakuenda kusoma kwa ajili ya kilimo bora peke yake. Wengi walitaka kuzisoma barua zao wenyewe. Kufikia mwaka 1975 ile asilimia 67 ilikuwa imeshuka hadi 39. Dada yangu mkubwa, ambaye hakupelekwa shule, alisoma kisomo jioni chini ya mti wa mlama, akaweza kuandika jina lake na kusoma barua fupi. Kisha vitabu vikaadimika, mashamba yakamrudisha kwenye jembe, na miaka ilivyopita herufi zikamponyoka. Naomba msomaji amkumbuke dada huyu, kwani atarudi.

Wakati tukihangaika na bahasha, mashine nyingine ilikuwa imekwisha kuingia nchini. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya hesabu za serikali haikuiendea vyema, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na runinga bila kibali. Marufuku hiyo ililegezwa polepole katika miaka iliyofuata, lakini athari yake kwa lugha haijasemwa vya kutosha. Kwa muda mrefu sisi walimu wa Kiswahili tulikuwa na mashine ambayo ni jina tu. Wataalamu walipoanza kuiundia msamiati, waliunda maneno ya kitu ambacho wengi wa wasemaji hawajakigusa. Ndipo tukapata tarakilishi na ngamizi, maneno mawili yaliyogombania kiti ambacho kompyuta alikuwa amekwisha kukikalia. Tukapata pia tovuti, barua pepe na kipanya, ambayo kwa maoni yangu ni maneno mazuri, na watu wameyapokea. Na tukapata nywila.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo yake. Nilizipata habari hizo kwa furaha ya mtu aliyesikia kwamba mwanawe amefaulu mtihani. Nilikwenda darasani nikaandika ubaoni orodha ya maneno mapya, na nywila ikiwamo. Shule yetu haikuwa na umeme. Nililifundisha neno nywila kwa miaka minne kabla mimi mwenyewe sijawa na nywila hata moja.

Yaliyofuata hayakutoka chuoni. Mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania, na kampuni nyingine zikafuata. Hapa kwetu Singida mabadiliko yalionekana kwanza mnadani. Mfanyabiashara wa vitunguu au wa kuku, aliyekuwa akisafiri na noti kifuani huku akiogopa kila anayepanda basi, sasa aliziacha kwa wakala. Pamoja na huduma hiyo likaja kundi la maneno ambayo hakuna aliyeitisha kikao kuyasanifu katika matumizi yake mapya: wakala, salio, kutuma, kutoa, "weka na ya kutolea", na muamala, neno kongwe lenye asili ya Kiarabu lililokuwa likihusu jinsi watu wanavyotendeana, nalo likashuka hadi kibandani kwa wakala na kupata kazi mpya. Katikati ya kundi hilo lilikuwamo namba ya siri. Nywila ilibaki kwenye kamusi na kwenye mitihani yangu. Namba ya siri ilishika nchi nzima.

Nilifurahi. Niliwaambia wenzangu katika chumba cha walimu kwamba hapa lugha imejionyesha: neno limejengwa kwa mbao za nyumbani, kila mtu analielewa bila kufundishwa. Nilikosea katika hilo neno "kila mtu analielewa".

Dada yangu alipopata simu, nilikwenda naye kwa wakala kumfungulia akaunti. Tulipoulizwa namba ya siri nilimchagulia mwaka aliozaliwa mwanawe wa kwanza ili asiusahau, nikaitamka kwa sauti ya darasani, watu wanne wakiwa kwenye foleni. Kwa kuwa herufi na tarakimu zilikuwa zimemponyoka, nikamwambia maneno ambayo leo ningelipa nyingi kuyarudisha kinywani: "Dada, ukikwama, mtajie anayekusaidia." Kwa miaka mingi akafanya hivyo. Alifika kibandani, akatoa simu, akataja namba, wakala akabonyeza. Wakala yule alikuwa kijana mwaminifu, hakuwahi kumpunja hata shilingi mia. Alikuwa kata nzuri ya mtungi ule.

Msimu mmoja wa alizeti, baada ya kuuza magunia yake, dada alikuwa na shilingi 480,000 kwenye simu. Akapigiwa na mtu mwenye sauti ya upole, akamwamkia vizuri, akamwita mama, akasema anatoka huduma kwa wateja na kwamba laini yake ina hitilafu. Alikuwa akimsaidia. Dada akamtajia. Nilipofika jioni salio lilikuwa shilingi 312. Nilighadhibika, nikasema mambo ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake, nikauliza amekuwaje kuitoa namba ya siri. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, si wewe uliyesema nimtajie anayenisaidia?"

Nimelitafakari jibu lile kama nilivyokuwa nikitafakari beti ngumu. Dada hakuwa mjinga wa neno siri. Alilielewa kama lilivyoeleweka Unyaturu, na kama methali inavyolieleza: siri ni kitu kinachokabidhiwa kwa mwaminifu. Tuna mtunza siri na mtoboa siri, na wote wawili ni watu waliokwisha kuambiwa. Mashine inataka siri ya aina nyingine kabisa, ambayo mtunzaji wake ni mwenyewe peke yake na ambayo hata mume, mtoto, wakala au mhudumu wa kampuni hana haki ya kuijua. Siri ya namna hiyo haikuwa na jina kwetu kwa sababu haikuwa na kazi. Tuliipa jina la jamaa yake wa karibu tukadhani tumemaliza.

Je, nywila ingefaa zaidi, kwa kuwa haina ukoo wowote masikioni mwa watu na ingelazimu kufundishwa? Kuna wakati nilishawishika hivyo. Sasa sidhani. Neno lisilotamkika kibandani halimlindi mtu. Nasimama na namba ya siri, lakini nawalaumu, nikiwa wa kwanza wao, walimu waliolipokea bila kulieleza. Matapeli walilisoma neno lile vizuri kuliko sisi. Hata ule ujumbe wao maarufu, unaomtaka mtu fedha ile aitume kwenye namba hii, umejengwa juu ya sarufi: kiashiria "ile" kinamfanya msomaji adhani kuna mazungumzo yaliyotangulia, naye anayatafuta kichwani mwake mpaka anayapata.

Washairi wangestahili kuwa hodari katika mambo haya. Fumbo ni ufundi wa kuyasema maneno hadharani yakasikiwa na wote na kueleweka na wenye ufunguo tu. Muyaka wa Mombasa aliishi kwa ufundi huo karne mbili zilizopita. Programu za leo za mawasiliano hufanya jambo hilohilo kwa hesabu: ujumbe hupita mikononi mwa wengi ukiwa umevurugwa, ukafunguka kwa anayelengwa. Watafsiri wengine wameliita tendo hilo kusimba, wengine kufumba. Naomba wanaopendelea kusimba waniwie radhi. Kufumba kuna ukoo, na safari hii ukoo wake hauwapotoshi watu.

Sheria nazo zilikuja, na hapo lugha ilikuwa na kisa kingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015, ikaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu kwa anayechapisha habari za uongo mtandaoni. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zikamtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 nyingine kila mwaka. Blogu nyingi zilinyamaza, na nadhani kati yake zilikuwamo za tungo. Yote hayo yaliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2019 ukaja usajili wa laini kwa alama za vidole, uliowekewa tarehe ya mwisho ya Januari 20, 2020. Nilikaa foleni na mkulima wa makamo ya dada yangu ambaye mashine ilimkataa mara tano, kwa sababu jembe lilikuwa limekwisha kuzifuta alama zenyewe. Aliikagua mikono yake kama mtu aliyetuhumiwa.

Kisha mwaka 2022, baada ya Bunge kubadili lugha ya sheria, ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo kwa Kiswahili. Ilianza kutumika Mei 1, 2023, ikaunda Tume yake, na inawataja wakusanyaji na wachakataji wa taarifa. Nilimsomea dada sehemu yake. Aliposikia "kuchakata" akacheka. Kwetu kinachochakatwa ni alizeti: mbegu zinaingia mashineni, mafuta yanachukuliwa na mwenye haja nayo, na mashudu yanarudi kwa mifugo. Akauliza, "Sasa hao wakishanichakata mimi, mashudu anapewa nani?" Sijasoma ufafanuzi wa neno hilo unaolishinda swali lake. Neno ridhaa nalo alilitambua mara moja, kwa kuwa ndilo huulizwa bibi harusi. Alishangaa kwamba simu huliuliza swali hilo kwa kurasa 20 za Kiingereza na kitufe kimoja cha kubali.

Mwaka jana alinunua laini mpya. Nilimwonyesha namna ya kupiga *106# ili ajue ni namba ngapi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na namba 15040 ya kupelekea taarifa za matapeli. Wiki tatu nzima alijifunza upya tarakimu kumi, akiziandika kwa kijiti kwenye vumbi la uani, sifuri yake ikiwa kubwa kuliko nyingine zote. Tulipofika kwa wakala kuweka namba ya siri nilinyoosha mkono kuichukua simu, kwa mazoea. Akanigeuzia mgongo, akajifunika kanga hadi kichwani, akabonyeza polepole huku midomo ikimchezacheza. Wakala alinitazama akatabasamu. Tulipokuwa njiani kurudi nilimwuliza kama ana hakika ataikumbuka.

"Nitaikumbuka," alisema, kisha akaniuliza bei ya vitunguu.