Mtoto wa Mfugaji na Lugha ya Tatu

Mjadala wetu kuhusu Kiingereza shuleni umezeeka, na bado unamzungumzia mtoto mmoja tu. Tangu 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, tunabishana namna ya kumvusha mtoto huyo hadi kwenye Kiingereza cha sekondari. Tume ya Rais chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kiendelee hadi sekondari, Serikali ikakataa. Mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakaonyesha kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakimudu Kiingereza kiasi cha kujifunzia masomo. Jibu likawa mradi wa kuimarisha Kiingereza, kwa fedha za Uingereza.

Waliotaka Kiswahili na waliotaka Kiingereza waliafikiana katika jambo moja bila kulisema: mtoto huja shuleni na Kiswahili chake.

Shuka sasa, ndugu msomaji, hadi bonde la Ziwa Rukwa, ufike Kamsamba wilayani Momba. Huku ni kwa Wanyamwanga. Lakini kuanzia miaka ya 1970 wafugaji wa Kisukuma, wakifuata malisho kusini, waliingia bondeni na ng'ombe wao. Na mifugo ilipoondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, familia nyingi za wafugaji zilirudi tena njiani.

Mtoto wa kaya hizo huamka katika Kisukuma. Kinyamwanga hukiokota kwa wenzake. Kiswahili chenyewe hukikuta darasani, na Kiingereza nacho kinamsubiri humo humo, kwani mtaala mpya umekirudisha darasa la kwanza. Neno ng'ombe halimpi taabu, maana kwao pia ni ng'ombe. Lakini mwalimu akimwambia kwamba *water* ni maji, yeye ambaye nyumbani hunywa *minzi* amepewa mageni mawili kwa mpigo. Akinyamaza, huitwa mzito. Mimi namwona mwanaisimu aliyekosa msikilizaji.

Ni watoto wangapi wa namna hii? Mwaka ule ule wa 1967 ndio sensa yetu ilipouliza kabila la mtu kwa mara ya mwisho. Sababu ilikuwa njema, umoja wa taifa, nami siipingi. Ila tulipoacha kuuliza kabila, tuliacha pia kuuliza mtoto anaota kwa lugha gani.