Kodi ya Karantina

Jamaa zangu mliotawanyika Maskati, Mombasa na kwengineko, mwaniuliza kwa nini nimeanza kutafuta nyumba ya kupangisha baada ya kustaafu ukarani, na kwa nini naulizia hati kabla ya bei. Jawabu limo Karantina.

Mtaa huo wa kusini mwa Jeddah, jirani na Ghulail, ulirithi jina la karantini ya mahujaji, waliokuwa wakizuiliwa kwa hofu ya maradhi, khasa baada ya kipindupindu cha Hija ya 1865. Waafrika wengi walikaa humo, baadhi yao mahujaji wasiorejea makwao.

Ami yangu alikuwa na vyumba vinne vya kupangisha mtaani humo. Sheria ya Saudia ya mwaka 2000 ilimruhusu mgeni mwenye iqama kumiliki nyumba ya kukaa mwenyewe, tena kwa idhini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Vyumba vya kodi havikuwamo. Basi alinunua kwa karatasi ya mkono na mashahidi wawili, na kodi ikaingia kila mwezi kwa miaka mingi. Mimi, karani wa mshahara, nakiri nilimwonea kijicho.

Mwishoni mwa 2021 matingatinga yalianza kubomoa Jeddah. Mitaa zaidi ya 60 ilitiwa orodhani, na Karantina ikiwamo. Raia mwenye saki ya ardhi alistahiki fidia ya ardhi na jengo. Asiye nayo, ya jengo peke yake. Mgeni hakuwamo katika hesabu. Ami aliondoka na magodoro, na funguo nne ambazo hakuweza kuzitupa.

Wazee wa Dar es Salaam watanikatiza hapa, kwani wao hati walikuwa nazo. Naam. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, na jengo lililopita miaka 10 halikulipiwa. La babu lilikuwamo. Hata hivyo, katika karatasi zake hadi leo nasoma nambari ya kiwanja na jina lake. Ya ami haina nambari, wala hapana daftari la serikali linaloijua.

Mwezi uliopita, huko Mombasa, nilionyeshwa fleti mbili nzuri, bei yake yawiana na kiinua mgongo changu. Mwenye mali akaniambia nilipe kwanza, hati itafuata. Nilimshukuru kwa kahawa, nikaenda zangu.