Mke wa pili anaandikwa wapi? Jedwali la ndoa la Rufiji

Mwaka 1998 mradi wa TEHIP ulianza kuandikisha kaya zilizo kaskazini mwa mto Rufiji, pande za Ikwiriri na Kibiti. Wakati huo Kibiti bado haijawa wilaya. Kila baada ya miezi minne wadodosaji walirudi nyumba ileile na maswali yaleyale: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama, nani kaoa? Majibu yaliingizwa kwenye HRS, programu ya usajili wa kaya iliyoanzia Navrongo, Ghana. Halmashauri ilizitumia takwimu hizo kupanga bajeti ya afya, kwa hiyo kukosea hapa si jambo la wataalamu wa kompyuta peke yao.

Mama ni rahisi. Kila mtu ana mmoja, basi jedwali la watu linapewa safu wima moja yenye namba ya mama, ambaye naye ni mtu wa jedwali hilohilo. Ndoa ndiyo inayosumbua. Ukiweka safu ya "mwenzi", mume mwenye wake wawili unamwandikaje? Na aliyeachika akaolewa tena Bungu, unamfuta mume wa kwanza? Ukimfuta, umepoteza miaka yote ya ndoa ile.

Hapa ndipo panapohitajika uhusiano wa wengi kwa wengi unaojirejelea: jedwali la pili, ambalo kila mstari wake una namba mbili, na zote mbili zinaelekeza kwenye jedwali la watu.

Baadaye ikaja OpenHDS, mfumo wa Java uliotumiwa na Taasisi ya Afya Ifakara, na hata kwenye kisiwa cha Rusinga kule Kenya. Ndani yake kuna Hibernate, programu inayotafsiri majedwali kuwa vitu vya lugha ya Java. Hibernate inaweza kukuficha kabisa jedwali la katikati: mtu anakuwa tu na orodha ya watu. Inavutia, lakini kwa ndoa ni mtego, maana tarehe ya kuoana na ya kuachana hazina pa kukaa. Waundaji wa OpenHDS waliufanya uhusiano wenyewe kuwa kitu kamili: mtu A, mtu B, A ni nani kwa B, ulianza lini, uliisha lini. Naona walifanya vizuri.

Gharama yake ni kwamba uhusiano una upande. Mwanamke akiandikwa kama A leo, kwenye ndoa nyingine anaweza kuwa B. Kwa hiyo kila mtu anabeba orodha mbili, na ukisoma moja tu unaweza kumhesabu mtu kuwa hajaolewa kumbe ana mume. Halafu kuna mnyororo: ukimpakia mume anakuja mke, mke anawavuta wote aliohusiana nao, na kompyuta inapakia watu usiowahitaji, isipokuwa umeiambia isubiri mpaka iulizwe.

Na mama asiyejulikana? OpenHDS ina "mtu" mmoja wa bandia anayeitwa UNK. Watoto wote wasio na mama kwenye kumbukumbu wananing'inia kwake. Ukisahau kumtoa kwenye hesabu ya uzazi, utapata mwanamke mmoja mwenye watoto kuliko kijiji kizima.